Bi Hamdiya na Korongo wa Marlby

Mama mkubwa wangu, Bi Hamdiya, ana miaka sabini na mbili na bado anaendesha gari mwenyewe. Akikata kona hapa kwetu Ghubra, Maskati, mumewe, Baba Mkubwa Ishaq, hushika mkanda wa kiti kwa mikono miwili na kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya kusikika.

"Hamdiya, twende taratibu, hatufukuzwi," humwambia.

"Sijakanyaga hata nusu," hujibu yeye.

Mtaani wanamjua kama nesi mstaafu. Mtoto akianguka na baiskeli huletwa kwake kabla ya kupelekwa hospitali. Yeye humgusa mfupa wa mtulinga kwa kidole kimoja, akasema umevunjika au haukuvunjika, na sijasikia hata siku moja kwamba kakosea. Watu hudhani ujuzi huo kaupata wodini. Kidogo ni kweli. Zaidi aliupata kando ya kiwanja cha mbio za pikipiki huko Uingereza, kwenye timu ambayo haipo tena.

Mimi ni Ruqaya, binti wa mdogo wake, mwalimu wa shule. Khabari hizi nilizisikia vipande vipande tangu utotoni, mara nyingi huku tukichambua mchele, na nikizichukulia kama mambo ya wakubwa. Januari iliyopita ndipo nilipokaa kiti cha nyuma cha gari lake nikaziona kwa macho yangu.

Alizaliwa Malindi, Unguja. Mwaka 1972, akiwa na miaka kumi na tisa, alifika Uingereza kwa kaka yake aliyetangulia. Unguja ya miaka ile haikuwa rahisi kutoka, na mpaka leo ukimuuliza alitokaje hukwambia tu, "Nilitoka." Akasomea unesi katika mji mdogo uitwao Marlby, mji wa mvua na viwanda vya viatu, ambako watu walikusalimu kwa kukutajia hali ya hewa.

Jumamosi moja mkuu wa manesi alimwita. Kiwanjani walitaka nesi wa kusimama na sanduku la dawa kila Jumamosi jioni, na yule aliyekuwa akienda alikuwa kaolewa na kuhama. Hamdiya akadhani ni mpira wa miguu. Akavaa sare yake, akajitanda mtandio, akaenda.

Alikuta wanaume wanne wamekaa juu ya pikipiki nyembamba, zimekonda kama mbuzi wa kiangazi, nyuma ya kamba iliyokingamishwa njiani. Kila mmoja alivaa kofia ya rangi yake na kiatu cha chuma mguu wa kushoto. Kamba iliporuka juu, wote wanne wakafyatuka. Njia ilikuwa ya kokoto laini nyekundu, mviringo kama yai. Walipofika kwenye kona hawakupunguza mwendo. Waliziachia pikipiki zitambae upande upande, mguu wa chuma ukiburuza chini na kokoto zikiwarukia watazamaji usoni. Raundi nne, dakika moja na kidogo, kisha kimya.

Alimgeukia mzee aliyesimama karibu naye akamuuliza mbona hawakushika breki.

"Breki hazipo, nesi," mzee alimjibu. "Wala gia hazibadilishwi. Ni moja tu."

"Sasa wanasimamaje?"

"Wengine hawasimami. Ndiyo maana tumekuita wewe."

Lakini kilichomshika siku hiyo, husema, si mbio. Ilikuwa harufu. Injini zile zilitiwa mafuta ya mbarika, na yakiungua yalinukia kiwanja kizima. Mbarika ni mafuta aliyokuwa akinyweshwa na mama yake kila mwezi huku kazibwa pua, kusafisha tumbo. Miaka miwili hakunusa kitu cha kwao. Akasimama pale kwenye baridi, machozi yanamtoka, na watu wakadhani kaingiwa na kokoto.

Spidwei, ndivyo mchezo wenyewe unavyoitwa. Timu ya Marlby ilijiita Korongo, na waendeshaji wake saba walivaa fulana za kijivu zenye ndege mwenye mguu mmoja juu. Kwa miaka minne Hamdiya hakukosa Jumamosi hata moja. Alifunga mitulinga, alishona nyusi, aling'oa kokoto kwenye viwiko kwa kibano. Mama yake alipopata barua yenye picha alimjibu kwa mstari mmoja: "Mwanangu, kwani hospitali huko zimekwisha?"

Alijifunza pia kujaza programu. Kila mtazamaji hununua kijitabu chenye majina ya waendeshaji na vyumba vitupu vya kujaza, na kila mbio ikimalizika huandika kwa kalamu nani wa kwanza, nani wa pili, nani kaanguka. Hamdiya alizijaza zote, hata zile alizolazimika kuuliza matokeo kwa sababu yeye alikuwa kapiga magoti kokotoni na mtu mikononi.

Kisha, Oktoba 1978, mwenye kiwanja akauza ardhi. Hakukuwa na kashfa wala ugomvi. Watazamaji walikuwa wakipungua, na duka kubwa lilitaka pahala. Mambo kama hayo yamezikuta timu nyingi za spidwei nchini kule. Exeter kiwanja chao kimejengwa nyumba. Wimbledon leo panachezwa mpira. Reading na Coventry, timu zilizojaza viwanja kwa maelfu, zimebaki katika vinywa vya wazee. Mama Mkubwa huyataja majina hayo kama mtu anavyowataja jamaa zake waliotangulia, kwa taratibu na bila kuharakisha.

Jioni ya mwisho ya Korongo ilinyesha mvua. Mashindano yalipokwisha na watu wengi kuondoka, waendeshaji wanne waligoma kuvua nguo zao za ngozi. Walisema kiwanja hakiwezi kufa kwa mbio za ratiba, kinataka mbio za kukiaga. Wakatoka tena, hapana refa wala mwandishi wa gazeti, watazamaji labda mia mbili chini ya miavuli. Wawili kati yao, Norman Tuckett na Keith Ollerby, walivuka mstari pamoja, wamefunikwa matope hata rangi za kofia hazionekani.

Kutoka siku hiyo Norman husema alishinda yeye. Na Keith husema alishinda yeye.

Hamdiya aliolewa na Ishaq, kijana wa Kiunguja aliyekuwa akisoma uhasibu London, na mwaka 1981 wakahamia Maskati. Alifanya kazi hospitali zaidi ya miaka thelathini, kitengo cha majeruhi, akalea watoto watatu. Baba Mkubwa hajawahi kuuona mchezo huo hata mara moja. Ukimuuliza spidwei ni nini, atakwambia ni ugonjwa wa mke wake.

Miaka minane iliyopita waliobaki wa Korongo walianzisha kundi la WhatsApp. Wako sitini na mmoja, karibu wote wana miwani na magoti ya bandia. Wakamtafuta nesi wao mpaka wakampata Ghubra. Tangu hapo simu yake hulia mchana kutwa: picha za zamani, tanzia, mabishano kuhusu nani alivunjika mkono gani mwaka gani. Mabishano ya namna hiyo huletwa kwake, na akitoa hukumu khalas, hapana rufaa.

Mwaka jana lile duka kubwa lilikubali kubandikwa kibao ukutani, pale kiwanja kilipokuwa, chenye jina la timu, miaka yake, na mshindi wa mbio za mwisho. Hapo kundi likawaka moto. Wengine Norman, wengine Keith. Mwisho mmoja akaandika: muulizeni nesi, yeye alikuwa akijaza programu.

Mama Mkubwa aliandika maneno manne: "Ninayo. Nitatazama. Nipeni muda."

Hakuwa na haja ya muda. Programu ilikuwa kabatini, kwenye jalada moja na vyeti vyake vya unesi, na alijua kilichoandikwa ndani. Lakini siku ile ile Norman alikuwa kamwandikia pembeni: "Nesi, nnakuja huko kwa meli ya watalii mwezi wa kwanza. Inatia nanga Matrah Jumapili moja tu, asubuhi mpaka usiku. Usimwambie mtu kitu mpaka tuonane."

"Kuna jambo hapo," Mama Mkubwa aliniambia. "Ruqaya, shule si mmefunga? Twende wote bandarini."

Norman alikuwa mzee wa miaka sabini na sita, mrefu, mwekundu kama kamba wa kuchemsha, na mguu wake wa kushoto ulitangulia kila hatua kana kwamba bado una chuma. Walitazamana kidogo. Kisha akavuta ukosi wa shati na kumwonyesha mfupa wa mtulinga.

"Ajali ya mwaka 1976," alisema kwa Kiingereza. "Umeungana vizuri, au sivyo?"

Mama Mkubwa akaubonyeza pale pale, mbele ya watalii wote. "Umepinda kidogo. Nilikwambia usipande pikipiki wiki sita. Ulikaa ngapi?"

"Mbili."

"Basi usinilaumu mimi."

Tulipita Darsait, tukashika barabara kuu mpaka Ghubra. Baba Mkubwa alikuwa kampisha mgeni kiti cha mbele, na alikuwa kando yangu nyuma akinong'ona aya zake. Karibu na nyumbani kuna mzunguko mdogo wa barabara. Huku tunaendesha kulia, kwa hiyo mzunguko huzungukwa kwa kukata kushoto, kinyume cha Uingereza. Norman alipouona alinyanyuka kitini.

"Nesi! Mnazunguka kwa kushoto! Kama sisi!"

Mama Mkubwa alitazama kioo, akaona nyuma hapana gari, akapita njia yetu ya kutokea bila kutoka.

"Hamdiya, nyumbani ni pale," Baba Mkubwa alisema.

"Nnajua nyumbani."

Tukapita mara ya pili. Norman alikuwa kashika dashibodi na mguu wake wa kushoto anaubonyeza sakafuni, na kwenye kila upande wa mzunguko akipiga kelele, "Fungua mafuta! Fungua!" Mara ya tatu Baba Mkubwa aliacha kusoma. Mara ya nne nikamsikia anacheka, kicheko cha puani alichokuwa akijaribu kukizuia. Tulipotoka, bwana mmoja aliyekuwa akimwagilia mitende ya barabarani alisimama na mpira wake wa maji mkononi, akitutazama mpaka tulipotokomea.

"Raundi nne," Norman alisema huku akipangusa macho. "Mwendo wa pole sana, lakini raundi nne."

Nyumbani tulikula samaki wa kupaka na wali, kisha kahawa na mkate wa kumimina. Norman alikula vipande vinne vya mkate akauliza kama ni keki au ni mkate, na Baba Mkubwa akamweleza kwa dakika kumi kwa nini si chochote kati ya hivyo viwili. Sahani zilipoondolewa, Mama Mkubwa akaleta programu. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Vyumba vya mbio zote za ratiba vilijazwa kwa tarakimu, safi kabisa. Nyuma ya jalada, kwa penseli, kulikuwa na mistari mitatu kwa herufi za Kiarabu.

"Hiki Kiarabu?" Norman aliuliza.

"Kiswahili," nilimjibu. "Wazee wetu walikiandika hivyo. Mama Mkubwa alifundishwa na baba yake."

"Inasema nini?"

Mama Mkubwa alivaa miwani, akasoma kwanza kwa Kiswahili. "Keith kamshinda Norman kwa nusu gurudumu. Mvua kubwa. Norman kacheka." Kisha akamfasiria.

Nilimtazama mgeni wetu, nikiona huruma. Mtu kasafiri nusu ya dunia kuambiwa kashindwa. Lakini Norman alitikisa kichwa taratibu, kama aliyesomewa barua ambayo keshaisoma.

"Kweli," alisema. "Nilicheka. Nilikuwa nimesahau."

"Ulijua?" Mama Mkubwa aliuliza.

"Tangu siku hiyo. Gurudumu lake lilikuwa mbele, nililiona."

"Basi miaka yote hiyo unabisha nini?"

Norman alizungusha kikombe cha kahawa mkononi. Alisema kwamba asubuhi iliyofuata Keith alikuwa ahame mji kwenda kutafuta kazi, na hapakuwa na timu tena ya kuwakutanisha. Keith si mtu wa kupiga simu. Hata mama yake alikuwa hampigii. Lakini alimpigia Norman asubuhi hiyo, amekasirika, kwa sababu kaambiwa Norman anajigamba kashinda. Wakabishana nusu saa. Jumapili iliyofuata akapiga tena, akiwa na hoja mpya.

"Na mpaka leo anapiga," Norman alisema. "Kila Jumapili, saa saba mchana. Mke wangu alipofariki hakujua aniambie nini, masikini. Akapiga, akakaa kimya, kisha akasema, 'Lakini nilikushinda.' Ndiyo rambirambi ninayoikumbuka kuliko zote." Akamtazama Mama Mkubwa. "Nesi, ukiandika kwenye kundi kwamba alishinda, tutazungumza nini? Waambie karatasi imefutika. Waambie maji yameingia."

Mama Mkubwa alivua miwani.

"Norman, nimekuwa nesi miaka arobaini. Mgonjwa akiniuliza kama mguu wake utakatwa, nilimwambia. Sikumdanganya yeyote kwa kumwonea huruma, na sitaanza na wewe."

"Hata kwa jambo dogo?"

"Hili si dogo, la sivyo usingepanda meli. Halafu, huyo Keith ana miaka sabini na minane. Unataka afe bila kuambiwa kuwa alishinda?"

Baba Mkubwa, ambaye muda huo wote alikuwa akisikiliza tu, alimsogezea kipande cha tano cha mkate wa kumimina.

"Kula," alimwambia. "Mimi nimebishana na huyu miaka arobaini na tano. Mabishano hayaishi eti kwa sababu tu mtu mmoja kasema kweli."

Saa kumi na moja jioni, ambayo kwa Uingereza ni saa saba mchana, simu ya Norman ililia. Aliitazama, akamtazama Mama Mkubwa, akaiegemeza kwenye birika la kahawa na kupokea kwa video. Akatokea mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, kaisogeza simu karibu mno, tunaona paji la uso na jicho moja.

"Uko wapi wewe?" jicho lile liliuliza.

"Kwa nesi."

Simu ikarudishwa nyuma, uso wote ukaonekana. Keith alivua kofia. "Nesi Hamdiya. Hujabadilika."

"Nimebadilika sana, Keith. Vipi goti?"

"Lipo. Una programu?"

"Ninayo hapa."

"Basi sema."

Niliona mkono wa Norman umeshika ukingo wa meza. Mama Mkubwa hakumtazama. Aliinua karatasi, akasoma mstari wa kwanza kama alivyousoma mwanzo, Kiswahili kisha Kiingereza. Keith kamshinda Norman kwa nusu gurudumu.

Keith alikaa bila kupepesa, na kwa muda nilidhani mtandao umekatika. Norman akasema kwa sauti ndogo, "Hongera, mzee. Ni kweli. Nilijua."

"Nusu gurudumu?" Keith alisema.

"Ndivyo nilivyoandika," alijibu Mama Mkubwa.

"Nusu? Nilimwacha pikipiki nzima!"

Norman alishtuka kama aliyechomwa sindano. "Pikipiki nzima? Wewe? Kwenye tope lile? Kama usingekata kona ya mwisho ndani ya mstari ungekuwa nyuma yangu!"

"Nani alikata kona?"

"Wewe ulikata kona!"

"Nesi, umeandika kona popote? Tazama vizuri!"

Hapana aliyemsikiliza nesi tena. Tulitoka mimi, Mama Mkubwa na Baba Mkubwa, tukaenda kukaa barazani na kahawa yetu, na sauti zao tukazisikia kupitia dirishani kwa dakika arobaini. Mama Mkubwa alikuwa na tabasamu la mtu aliyeona mfupa umeunga sawa.

Tulimrudisha Norman bandarini kabla ya isha. Wakati wa kuagana alimpa Mama Mkubwa mkono, kisha akakumbuka adabu za watu, akaurudisha na kuuweka kifuani. Yeye akacheka akamwambia, "Lete hapa," akaubonyeza tena mtulinga wake.

Kibao kilibandikwa mwezi wa nne. Tumeletewa picha: kipo ukutani karibu na pahala pa kuegeshea vigari vya manunuzi, kina ndege wa kijivu, na jina la Keith Ollerby limeandikwa chini. Keith mwenyewe kasimama kando yake na kofia yake ya sufu, na Norman kando ya Keith, mdomo wazi, dhahiri anasema jambo. Wamemwalika nesi wao kiangazi hiki, yeye na mumewe, na tiketi zimeshakatwa.

Jana niliwakuta wanapanga masanduku. Baba Mkubwa alikuwa kashika vizibo vya masikio alivyonunua sokoni Ruwi.

"Huko kutakuwa na kelele nyingi?" aliniuliza pembeni.

"Ni duka la vyakula, Baba Mkubwa," nilimwambia. "Pikipiki ziliondoka zamani."

Aliwaza kidogo, akasikiliza simu ya mkewe inavyolia chumbani, ujumbe baada ya ujumbe. Kisha akavitia vile vizibo sandukuni.